UNRA, 2008–2024: mamlaka iliyopewa barabara ikanyimwa mfuko

Mamlaka ya Barabara za Taifa ya Uganda, ambayo dereva wa lori kutoka Malaba, mpakani na Kenya, mpaka Elegu, mpakani na Sudan Kusini, aliijua kwa jina moja tu la Unra, ilianza kazi tarehe 1 Julai 2008 na ikafutwa mwishoni mwa 2024. Kwa taasisi ya barabara huo ni umri wa mtoto. Barabara ya lami husanifiwa idumu miaka 15 hadi 20, kwa hiyo Unra imeondoka kabla nyingi ya barabara ilizojenga hazijafikia wakati wa kufumuliwa na kujengwa upya.

Sababu zinazotajwa za kufutwa kwake ni mbili. Serikali inasema ni kubana matumizi na kuondoa majukumu yanayogongana. Mitaani wanasema ni ufisadi. Zote mbili zina ukweli ndani yake, lakini hazielezi kwa nini chombo hiki kilikuwa na nguvu ya kujenga daraja kubwa juu ya Nile na papo hapo kikashindwa kupeleka greda, mtambo wa kuchonga barabara, kwa wakati kwenye barabara ya changarawe. Jibu limo katika namna kilivyoundwa: sehemu moja ya mpango iliachwa bila kukamilishwa tangu mwanzo, na sheria ya kukifuta haikuigusa sehemu hiyo.

Mpango wenyewe

Katika miaka ya 1990 kazi yote ya barabara kuu ilikuwa mikononi mwa Wizara ya Ujenzi. Wizara ndiyo iliyopanga sera, ikatangaza zabuni, ikasimamia wakandarasi, ikatuma magreda yake yenyewe, kisha ikajikagua. Uganda ilipoingia katika mpango wa miaka 10 wa kuendeleza barabara, kuanzia mwaka wa fedha 1996/97, wafadhili wakiongozwa na Benki ya Dunia walisukuma kazi hizo zitenganishwe. Kwanza likaundwa jopo la mpito ndani ya wizara, RAFU, ambalo kazi yake ilikuwa kuandaa kuzaliwa kwa mamlaka. Sheria ya Unra ikapitishwa 2006, na Sheria ya Mfuko wa Barabara wa Uganda ikafuata 2008.

Kwenye karatasi, kazi iligawanywa kwa vyombo vitatu. Wizara ibaki na sera na viwango. Unra ijenge na kutunza barabara za taifa, pamoja na kuendesha vivuko na mizani. Mfuko wa Barabara ulipie matengenezo, na fedha zake zitoke kwa watumiaji wa barabara: tozo ya mafuta, ada za magari ya nje yanayopita nchini, leseni za barabara, tozo za madaraja, faini za magari yaliyozidisha uzito.

Palipokwama ni katika neno moja la utekelezaji. Ili tozo ya mafuta ifike kwenye Mfuko kila mwezi, Mamlaka ya Mapato ilipaswa kuipeleka huko moja kwa moja. Lakini sheria ya Mamlaka ya Mapato inaitaka iweke makusanyo yake yote katika Mfuko Mkuu wa Hazina. Kifungu hicho kilihitaji marekebisho. Hayakufanyika 2008, hayakufanyika 2010 Mfuko ulipoanza kugawa fedha, na hayakufanyika mpaka siku Mfuko wenyewe ulipofutwa pamoja na Unra. Muda wote huo Mfuko ulipanga foleni ya bajeti kama ofisi nyingine yoyote, ukigombania shilingi na hospitali, shule na jeshi.

Asiyefanya kazi hii anaweza kudhani tofauti ni ya kihasibu tu. Atazame kalenda. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai na fedha hutolewa kwa robo. Kusini mwa nchi mvua kubwa hunyesha Machi mpaka Mei, kisha Septemba mpaka Novemba. Miezi ya kufanya kazi ya changarawe kwa raha ni Juni mpaka Agosti, na Desemba mpaka Februari. Fedha ya robo ya kwanza ikichelewa wiki sita tu Hazina, ikafika kituoni mwishoni mwa Agosti, msimamizi bado ana manunuzi ya dizeli, makalvati (mabomba ya kupitishia maji chini ya barabara) na changarawe ya kukamilisha. Greda inaingia barabarani mawingu yakiwa yameshafunga. Changarawe iliyolowa kupita kiasi haishindiliki. Gurudumu la lori linaichimba, maji yanatuama kwenye mkondo wa matairi, na baada ya wiki mbili mtu anaweza kuapa kwamba hakuna greda iliyowahi kupita hapo.

Changarawe yenyewe ni mali inayoliwa. Tabaka huwekwa kwa kawaida sentimita 15 baada ya kushindiliwa. Magari, upepo na mvua huondoa takriban sentimita 2 hadi 3 kwa mwaka, kutegemea wingi wa magari na mwinuko wa mahali. Maana yake baada ya miaka mitano au sita barabara inapaswa kumwagiwa tabaka jipya. Katikati ya hapo inahitaji kuchongwa mara kwa mara ili mgongo wake ubaki na mteremko wa asilimia 4 hadi 6 kuelekea kwenye mitaro, na mitaro izibuliwe kabla ya kila msimu wa mvua. Ukiruka mzunguko mmoja hupati hasara ya mzunguko mmoja. Unapoteza mgongo wa barabara, maji yanageuka kutembea katikati, na kazi ambayo ilikuwa ya greda peke yake inakuwa ya katapila, malori ya kubeba changarawe, gari la maji na mtambo wa kushindilia.

Juu ya hayo, mwaka mmoja tu baada ya Unra kufungua milango, Julai 2009, serikali iliihamishia barabara za wilaya zipatazo kilomita 10,000. Mtandao wake ukawa karibu mara mbili, kufikia takriban kilomita 21,000. Barabara hizo zilichukuliwa kwa sababu wilaya zilikuwa zimeshindwa kuzitunza, kwa hiyo nyingi zilifika zikiwa hoi. Wanasiasa walipata kusema barabara yetu sasa ni ya taifa. Bajeti ya matengenezo haikupata nyongeza inayolingana na urefu huo.

Ujenzi mpya ulikuwa hadithi nyingine, kwa sababu fedha zake zilikuwa na mlango wake. Mikopo ya Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika, Exim Bank ya China, Japani na Umoja wa Ulaya huja na mkataba wa mradi, ratiba, na mhandisi mshauri wa kusimamia. Lami ya taifa ikapanda kutoka karibu kilomita 3,000 hadi zaidi ya 6,000 katika uhai wa mamlaka hii. Barabara ya kasi ya Kampala–Entebbe, kilomita 51 ukijumlisha tawi la Munyonyo, iligharimu dola milioni 476, ambapo milioni 350 ni mkopo wa Exim Bank. Ilifunguliwa Juni 2018, na Januari 2022 ikaanza kutozwa, shilingi 5,000 kwa gari dogo. Daraja jipya la Jinja lenye urefu wa mita 525, lililojengwa kwa mkopo wa Japani, lilifunguliwa 17 Oktoba 2018 na kuondoa mzigo wa malori juu ya bwawa la Nalubaale la mwaka 1954. Mtu akihesabu hivyo tu, Unra ilifanya kazi nzuri. Tatizo la hesabu hiyo ni kwamba kila kilomita mpya ya lami ni mteja mpya wa fedha ya matengenezo ambayo haikuwa na chanzo chake.

Katosi

Kisa kilichoivua nguo Unra kilihusu barabara ya kilomita 74 kutoka Mukono kupitia Kyetume na Katosi hadi Nyenga. Mwishoni mwa 2013 mkataba wa takriban shilingi bilioni 165 ulitolewa kwa kampuni iliyojiita Eutaw, iliyojitambulisha kuwa ya Mississippi, Marekani. Mapema 2014 ikalipwa malipo ya awali ya shilingi bilioni 24.7, yaani asilimia 15. Baadaye kampuni halisi ya Mississippi yenye jina hilo ilisema haihusiki kabisa. Wakati huo kazi ilikuwa imeshapokezwa kwa kampuni ya Kichina kama mkandarasi mdogo. Ofisi ya Inspekta Jenerali wa Serikali, inayochunguza rushwa, iliingilia kati, kesi ikaenda Mahakama ya Kupambana na Rushwa, na baadhi ya washtakiwa walitiwa hatiani huku aliyekuwa waziri wa ujenzi akiachiwa kwa makosa makuu. Barabara ilitangazwa upya na kujengwa na wengine.

Faida ya kisa hiki kwa msomaji iko kwenye kipengele kimoja kidogo. Malipo ya awali si zawadi wala si malipo ya kazi. Ni mkopo usio na riba unaomwezesha mkandarasi kuleta mitambo na kujenga kambi, na hurudishwa kidogo kidogo kwa kukatwa katika kila hati ya malipo inayofuata. Kinachomlinda mwajiri ni dhamana ya benki ya kiasi kilekile: mkandarasi akitoweka, benki inalipa inapodaiwa, bila ubishi. Kwa hiyo hatua yenye uzito kuliko zote ni mtu wa mwajiri kwenda benki iliyotajwa na kupata uthibitisho wa maandishi kutoka kwa ofisi yenye mamlaka, kwa anwani aliyoitafuta mwenyewe, siyo namba iliyoandikwa kwenye dhamana aliyoletewa. Katika Katosi nyaraka za dhamana zilibainika kuwa za kughushi. Fedha ilishatoka.

Hatua nyingine iliyorukwa ni ya uchunguzi wa sifa. Kampuni ya nje inayoleta orodha ya miradi iliyojenga inapaswa kuulizwa kwa msajili wa makampuni wa huko kwao na kwa waajiri wa miradi hiyo. Barua pepe tatu zingetosha. Mpaka leo tunasikia watu wakisema Katosi ilikuwa njama kubwa isiyozuilika. Haikuwa hivyo, ilizuilika mezani kwa karani mwangalifu.

2015

Allen Kagina, aliyeongoza Mamlaka ya Mapato kwa miaka 10, aliteuliwa kuongoza Unra 2015. Hakupanga upya idara moja moja. Aliwaachisha wafanyakazi wote, karibu 900, na kuwaambia wanaotaka kurudi waombe kazi upya. Mwaka huohuo Rais Museveni aliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Catherine Bamugemereire. Ripoti yake ya 2016 ilisema takriban shilingi trilioni 4 zilipotea katika miaka 7 ya mwanzo, kwa ufisadi na usimamizi mbovu pamoja.

Usafishaji ule ulikuwa na gharama ambayo haisemwi sana. Mhandisi wa kituo aliyekaa miaka 15 upande mmoja wa nchi anajua kilima kipi kinateleza, kalvati lipi huziba kwa takataka za mto, machimbo gani ya changarawe yamebaki na mwenye shamba gani hukubali kuyafungua. Maarifa hayo hayamo kwenye faili. Kwa upande wa manunuzi, hata hivyo, mambo yalinyooka: kashfa ya ukubwa wa Katosi haikujirudia chini ya Kagina.

Ardhi

Kama kuna mahali ambapo miradi ya Unra ilikufa taratibu, ni kwenye fidia. Ibara ya 26 ya Katiba inataka mwenye mali alipwe fidia ya haki kabla serikali haijachukua mali yake. Sheria ya zamani ya utwaaji ardhi iliruhusu serikali kuingia kwanza na kulipa baadaye. Kesi iliyotokana na barabara ya Hoima–Kaiso–Tonya ilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 2015 mahakama ikaamua dhidi ya Unra: kuingia kabla ya kulipa ni kuvunja Katiba.

Uamuzi ni wa haki. Lakini mikataba ya ujenzi iliendelea kusainiwa kama vile haukuwepo. Mkandarasi alikabidhiwa eneo vipande vipande, kilomita 3 hapa, 5 kule, katikati nyumba za watu ambao tathmini yao bado iko kwa Mthamini Mkuu wa Serikali. Mkataba wa kawaida unampa mkandarasi haki ya kuongezewa muda na kulipwa gharama za mitambo iliyosimama kama mwajiri hakumpa eneo. Vivyo hivyo hati ya malipo ikichelewa kulipwa, riba inahesabiwa. Kwa hiyo kila mwezi wa kuchelewesha fidia ya mkulima ulilipwa mara mbili, na ile ya pili alilipwa mkandarasi. Upanuzi wa barabara ya mchepuko wa kaskazini mwa Kampala, kilomita 17.5, ulianza 2014 kwa mpango wa miaka 3 na ukamalizika baada ya takriban 7. Fidia na kuhamisha nguzo za umeme na mabomba ya maji vilikula muda mwingi. Barabara ya kasi ya Kampala–Jinja haikujengwa mpaka mamlaka inafutwa.

Mizani

Hapa Unra ilipambana na madereva moja kwa moja, kwenye vituo vya kupimia uzito wa malori: Magamaga, Lukaya, Luwero, Mubende, Mbarara. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 8 kwenye ekseli (mhimili wa magurudumu) ya usukani, 10 kwenye ekseli moja yenye matairi pacha, 18 kwenye ekseli mbili zilizofuatana, 24 kwenye tatu, na jumla isizidi tani 56. Dereva anayelalamika kwamba amezidisha tani 2 tu ana haki ya kujua hesabu anayofanyiwa. Madhara kwa lami hupanda kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, yaani uzito ukizidishwa kwa wenyewe mara nne. Ekseli ya tani 10 ikibeba 12 haiharibu kwa asilimia 20 zaidi, inaharibu mara mbili na zaidi kidogo. Mara nyingi jumla ya lori iko sawa na tatizo ni mpangilio wa mzigo: shehena imesukumwa nyuma, ekseli za mwisho zinazidiwa. Kupanga upya kabla ya kufika mizani ni kazi ya saa mbili, kukamatwa ni kazi ya siku.

Kufutwa

Baraza la Mawaziri lilikubali mpango wa kuunganisha na kufuta mashirika ya serikali mwaka 2018. Bunge lilivutana nao kwa miaka, likapitisha ufutaji wa Unra na wa Mfuko wa Barabara 2024. Majukumu, mali, mikataba na madeni vikarudi Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Hoja ya mishahara ilikuwa na uzito: Unra ililipa zaidi ya utumishi wa umma, na hilo lilikuwa kusudi, ili wahandisi wazuri wasikimbilie kwa wakandarasi. Tangu mwaka wa fedha 2022/23 serikali imeongeza mishahara ya wanasayansi, wahandisi wakiwemo, kwa hiyo pengo si lile la 2008.

Majira ya ufutaji hayakuwa ya utulivu. Mei 2023 mafuriko ya mto Katonga yalikata barabara ya Kampala–Masaka, na magari ya kwenda Mbarara, Rwanda na Kongo yakazungushwa Mpigi, Kanoni, Sembabule hadi Masaka. Septemba 2024 daraja la Karuma la mwaka 1963 likafungwa kabisa kwa ukarabati, mabasi ya West Nile yakapitia Masindi na Paraa. Ofisi iliyosimamia ukarabati huo ilikuwa wakati uleule inajadiliwa Bungeni kama iendelee kuwepo.

Kuhamisha mkataba kutoka taasisi moja kwenda nyingine ni zaidi ya kubadilisha kichwa cha barua. Dhamana ya benki huandikwa kwa jina la mnufaika, na bima ya kazi kwa jina la mwajiri. Kama sheria inasema wizara imerithi haki zote, benki inaweza kukubali, lakini afisa makini ataomba marekebisho ya maandishi kwa kila dhamana iliyo hai kabla tarehe yake ya kuisha haijafika, kwa sababu siku ya kuidai si siku ya kuanza kubishana nani ni nani. Mikataba ya mikopo nayo hutaja chombo cha utekelezaji, na kukibadilisha huhitaji ridhaa ya mkopeshaji.

Swali la tozo ya mafuta limebaki palepale. Inakatwa kwenye kila lita, inaingia Hazina pamoja na kodi nyingine, na matengenezo yanasubiri mgao wa robo. Zamani kulikuwa walau na taasisi yenye jina la Mfuko wa Barabara ya kulalamika hadharani kila bajeti iliposomwa. Sasa analalamika katibu mkuu kwa mwenzake, ndani ya mlango uliofungwa.

Kwa wenye madai ya fidia ya miradi iliyoanzishwa na Unra: deni halikufa na mamlaka, limehamia wizarani. Tafuta nakala ya fomu ya tathmini uliyosaini, yenye namba yako ya kumbukumbu, na uhakikishe jina lililomo linafanana herufi kwa herufi na kitambulisho cha taifa na akaunti ya benki. Mwenye hati aambatishe hati. Mwenye kibanja, yaani mkaaji mwenye haki kwenye ardhi ya mailo ambayo hati yake ni ya mtu mwingine, aambatishe barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na ushahidi wa busulu (kodi anayomlipa mwenye ardhi) au mauziano, maana fidia hugawanywa kati yake na mwenye mailo, na mmoja akipinga mgao malipo ya wote wawili husimama. Mwenye mali akiwa amefariki, mtoto mkubwa hawezi kusaini kwa niaba ya familia bila barua za usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Angalia pia kama tathmini imeongezwa posho ya usumbufu: sheria ya ardhi inatoa asilimia 15, na asilimia 30 kama ulipewa notisi ya kuhama ya chini ya miezi 6. Bei za mazao na nyumba zisizo za kudumu hutoka kwenye orodha ya bodi ya ardhi ya wilaya ambayo hutakiwa kupitiwa kila mwaka. Kama tathmini yako ni ya miaka mingi nyuma na hujalipwa, omba kwa maandishi ihuishwe kwa orodha ya sasa, na uweke nakala yenye mhuri wa kupokelewa.